Rufaa ya Kipanga

Barua ya Tume ya Fidia ilimwita Kipanga mwongo, ila ilimwita kwa adabu, kwenye karatasi nzuri yenye mhuri wa buluu. Ilisema kwamba mdai, mfumaji wa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo, anadai mitambo imemuua masikio. Mashine ya kupimia ilionyesha kweli hasikii, lakini mashine hiyo hutegemea ukweli wa anayepimwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayebonyeza kitufe akisikia mlio. Na daktari wa Tume, alipokaa naye meza moja, alimuuliza maswali kumi na saba, akayajibu yote papo hapo. Mtu wa namna hiyo, ilisema barua, masikio yake ni mazima. Madai yametupwa. Asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini.

Mkewe ndiye aliyeisoma kwanza, kasimama kizingitini na tepu ya kupimia shingoni. Mtaani walimwita Mama Sare, maana nusu ya watoto wa shule za pale walivaa kazi ya mkono wake. Na niseme ukweli, kwa sababu hadithi ya kufichaficha haina ladha: alipoimaliza ile barua hakukasirika. Aliona haya. Moyoni aliona Tume imesema kweli. Ameishi na mwanaume yule miaka ishirini na minane, kila siku wanaongea, wanataniana, wanagombana na kupatana. Kiziwi gani huyo anayekujibu kabla hujafunga mdomo? Alidhani ni ujanja wa watu wa chama cha wafanyakazi, wamemtia mumewe maneno baada ya kiwanda kumwachisha kazi. Kuachishwa kwenyewe kulitokana na gari la kubebea marobota. Lilikuwa linarudi nyuma, dereva akapiga honi mara tatu, Kipanga asihame, likamvunja mguu. Kiwanda kikasema mzee hafai tena.

Ni kweli kwamba ukimwita kutoka jikoni hakuitika. Lakini mume gani huitika akiitwa kutoka jikoni? Mama Sare alimsema sana, sikio la kufa halisikii dawa, mwisho akaishia kwenda mwenyewe kumgusa bega. Ukishamgusa akakugeukia, alikuwa wako mzima. Alikutazama usoni mpaka umalize, hapepesi. Wanawake wenzake walimwonea kijicho. Waume zao huwasikiliza wakiwa wamezama kwenye simu. Wa kwake yeye anamtazama mkewe kana kwamba wameoana jana. Mama Sare aliwajibu kwamba kila mtu na bahati yake, na wasio nayo wavumilie.

Kesho yake Katibu wa chama akaja. Naye alikuwa mfumaji zamani, mtu mnene mwenye kofia isiyotoka kichwani. Akaisoma barua, akajipiga paji la uso, akacheka kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Tumejiponza wenyewe, shemeji," alisema.

Akaeleza. Kwenye ukumbi wa mitambo, mashine mia mbili zinagonga kwa pamoja kutwa kucha. Hata ukimpigia mtu kelele sikioni, kazi bure. Kwa hiyo wafumaji huongea kwa midomo, bila sauti, na mgeni akikaa miezi sita naye anaijua lugha hiyo. Wanapigana vijembe toka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine, wanasengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao. Kipanga jina lake alilipatia humo: alinyakua maneno mdomoni mwa mtu aliye mbali kama vile kipanga anavyonyakua vifaranga. Ndiyo fahari ya kazi ile. Sasa mtu huyu anapelekwa kupimwa uziwi, anakalishwa uso kwa uso na daktari anayetamka maneno vizuri, na kwa miaka yote ile hajawahi kukosa hata neno moja. Alitakiwa atazame chini, basi. Sifa zikamzidi.

Kipanga, aliyekuwa ameufuata mdomo wa Katibu mwanzo hadi mwisho, alitabasamu kama mtoto aliyefumaniwa.

"Daktari aliuliza vizuri," alisema. "Ningemwachaje bila jibu?"

Mama Sare bado hakusadiki. Katibu akazunguka, akasimama nyuma ya kiti cha Kipanga, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema nyumba hii inaungua na mkeo ametoroka na muuza mikate. Kipanga alikuwa anakoroga chai. Akaendelea kukoroga. Katibu akamwashiria Mama Sare aje ajaribu yeye. Akaenda, akainama hadi pumzi yake ikagusa kisogo cha mumewe, akamwita kwa jina ambalo humwita wakiwa wawili tu. Kipanga akapuliza chai, akanywa.

Mama Sare akauliza ni tangu lini. Katibu akasema miaka kumi na miwili, pengine kumi na mitatu. Ukumbi mzima ulijua. Waliokiri kwamba hawasikii waliondolewa kwenye mitambo wakapewa ufagio, kwa hiyo wenzake walimfichia, naye akajificha. Wao walidhani nyumbani anajulikana.

Mama Sare alihesabu kurudi nyuma kwa vidole. Alipofika tisa akaacha. Akatoka hadi barazani, akakaa mbele ya cherehani yake, akaanza kupitisha kitambaa chini ya sindano isiyo na uzi.

Miaka tisa nyuma walikuwa na mtoto wa kiume. Mabinti wawili walishakua, huyu alikuwa kitinda mimba, wa miaka minne, na walimtania Kibabu kwa vile alitembea ameweka mikono mgongoni kama mstaafu anayekagua shamba. Akashikwa na homa. Asubuhi ya siku ya pili homa ikashuka kidogo. Baba yake akarudi kutoka zamu ya usiku, akajilaza chumba kilekile, kitanda cha pili. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na Mama Sare alikuwa na kola thelathini za kumaliza. Akiwa pale barazani alimsikia mtoto akiita, "Baba." Akanyamaza, akaita tena, na tena. Mama Sare akasema moyoni, baba yake yupo, hatua mbili tu, ataamka. Akaendelea kukanyaga cherehani. Alipoingia na uji saa tano, mtoto alikuwa ameshakata roho, na baba yake kalala fofofo, uso kauelekeza ukutani.

Waombolezaji walipotawanyika, alimkuta mumewe uani, kampa mgongo, anakaza upya kamba za kitanda. Hapakuwa na kelele yoyote, hata jirani hawakuwepo. Mama Sare akasimama nyuma yake, kivuli chake kikaangukia kitanda, akaushika mlango kwa mikono miwili, akayatoa yote. Kwamba alimsikia mtoto. Kwamba alikuwa anamwita baba yake. Kwamba yeye angeweza kuinuka, hakuinuka, kwa ajili ya kola. Akasema akimpa talaka ana haki, na akimpiga ana haki, ila aseme neno. Kipanga alivuta kamba, akaifunga, kisha bila kugeuka akasema, "Nipe kisu, mke wangu."

Akampa kisu. Siku ile alilia mpaka kichwa kikamuuma, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alijua mumewe amesikia yote, ameyameza, amemsitiri, na hatayataja tena hadi kaburini. Na kweli hakuyataja. Kwa miaka tisa Mama Sare alimpenda kwa lile neno moja, mke wangu, kuliko kwa lolote jingine alilowahi kumtendea. Wakigombana akalikumbuka, hasira zilimwisha.

Kumbe hakusikia kitu. Kumbe hakuna aliyemsamehe. Alikuwa ameishi kwa msamaha ambao haukutolewa, jamani, na mwenye kuutoa alikuwa ndani anamalizia chai yake, hajui hata kwamba alidaiwa.

Katibu akaanza kuandaa rufaa. Kuvunjika kwa koleo, alisema, si mwisho wa uhunzi. Fomu hazikumtisha, kilichomtisha ni wakili wa kiwanda. Wakimwita Kipanga kwa nyuma akanyamaza mbele ya Baraza la Rufaa, wakili atasema ananyamaza kwa makusudi, maana sasa ana cha kupata. Hata mashine ilitupwa kwa hoja hiyohiyo. Kilichotakiwa ni jambo la zamani, la kabla ya madai, la siku ambayo Kipanga hakuwa na sababu ya kujifanya.

"Jambo ambalo mwenye masikio asingeweza kulinyamazia," Katibu alimwambia Mama Sare. "Wewe ndiye uliyeishi naye. Hujawahi kumwambia zito, akalipita kama hakusikia?"

Mama Sare akasema hapana, tena akasema upesi mno. Akampa vitu vingine: sufuria iliyoanguka nyuma yake asishtuke, radi, jirani aliyegonga mlango nusu saa. Katibu aliandika mistari mitatu akaweka kalamu chini. Mambo kama haya, alisema, kila mke anayo.

Siku zikaenda, zikabaki ishirini, kumi na tano, kumi. Kipanga aliacha kwenda kwa kinyozi, kwa sababu vijiweni walishampa jina jipya, Masikio Mazima, na mtaa ukikupa jina haukunyang'anyi. Akipita, mtu humwita kwa nyuma kwamba amedondosha kofia. Asipogeuka, wanacheka kwamba anaigiza vizuri. Akibahatika kugeuka kwa jambo lake, wanacheka zaidi. Alishinda nyumbani na mguu wake mbovu, barua magotini, akiisoma kana kwamba mstari wa mwisho unaweza kubadilika.

Adhuhuri moja aliuweka mkono juu ya cherehani ili mkewe ainue uso. Akasema yeye hataki makubwa. Amewapa masikio yake, wabaki nayo. Ila asife na jina la uongo. Kisha akamtazama mdomoni, akingoja jibu, kama alivyomtazama siku zote. Mama Sare akasema inshallah haki itapatikana. Jioni ile, zimebaki siku tatu, akaenda kwa Katibu.

Katibu alipomaliza kumsikiliza alivua kofia. Mama Sare hakuwahi kukiona kichwa chake; kilikuwa na upara kama sahani.

"Hilo litatushindia, shemeji," alisema. Halafu akasema, "Pole." Alisema kwa mpangilio huo, na Mama Sare hakuusahau.

Mama Sare alikuwa na sharti moja. Kipanga asijue. Yeye kuitwa muuaji wa mwanawe yuko tayari, maana hilo alikwishajiita mwenyewe. Lakini mwanaume yule asijue kwamba mtoto alimwita. Akijua, hatalala tena na masikio hayo. Katibu akamwapia kwamba inawezekana. Shahidi husimama kuwaelekea wajumbe, mrufani huketi nyuma. Ataona mgongo tu. Na kwenye maelezo ya maandishi wataweka kwamba mke atasimulia tukio la nyumbani, basi, hakuna zaidi.

Chumba cha Baraza la Rufaa kilikuwa kidogo kuliko jina lake. Meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, wajumbe watatu, jagi la maji, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na karani wa kike mwenye kalamu tatu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, mpole, tena msikivu; ningependa kumsema vibaya lakini siwezi. Kipanga aliketi safu ya nyuma amevaa shati alilolishona mkewe. Wakili wa kiwanda akasimama kueleza kwamba kama kila mke anayelalamika kuwa mumewe hamsikii angelipwa fidia, nchi ingefilisika. Hata karani alicheka.

Mama Sare akaitwa, akala kiapo, akawaelekea wajumbe. Alishafungua mdomo kusema mwenyekiti alipoinua mkono.

Aliuliza kama mrufani anafuata. Katibu akajibu haraka kwamba mrufani hana shida, aendelee tu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akasema mrufani ana haki ya kufuata kila neno la ushahidi katika shauri lake mwenyewe. Hoja yake ni kwamba husikia kwa kutazama midomo, na Baraza haliwezi kusikiliza hoja hiyo huku likimnyima midomo yenyewe. Uamuzi ungekuwa batili.

"Mama, geuka umwelekee," alisema kwa upole. "Ongea, sisi tutakusikia."

Mama Sare alimtazama Katibu. Katibu alikuwa anatazama kofia yake. Angeweza kusema sina ushahidi, akashuka, wakarudi nyumbani na barua yao. Nusu dakika nzima alilifikiria hilo. Kisha akageuka.

Kipanga alikuwa ameketi wima, mikono magotini, amemkazia macho. Alimtia moyo kwa kichwa, sema tu, mke wangu.

Akaanza na tarehe na mwaka. Akasema walikuwa na mtoto mgonjwa. Sauti ikaanza kukwaruza. Akasema kwamba siku ile uani alisimama nyuma ya mumewe, na alichomwambia ni hiki. Na hapo sauti ikakata. Yeye hakujua kama imekata. Alidhani anaongea. Midomo ilikwenda, maneno yalitoka moja baada ya jingine kama yalivyotoka miaka tisa nyuma, kola, uji, mtoto aliita Baba, nikamsikia, nikasema ataamka, nikaendelea kushona. Karani aliinua kalamu akamtazama mwenyekiti. Wakili alisogeza sikio. Mjumbe wa kushoto akanong'ona kwamba hasikii kitu. Watu sita wenye masikio mazima ndani ya chumba kile, na hapana aliyeambulia neno.

Lakini Kipanga alikuwa anainuka. Alishika kiti cha mbele yake, akainuka taratibu na mguu wake mbovu, na uso wake ulikuwa unabomoka mbele ya watu, hajaribu hata kuuzuia. Akatoa sauti ambayo Mama Sare hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya mazishi. Wakili wa kiwanda akaketi bila kuambiwa.

"Mama," mwenyekiti alisema baada ya muda, "hatukukusikia. Tafadhali rudia."

Mama Sare alikuwa amempa mgongo mwenyekiti, lakini alimsikia. Alifungua mdomo arudie. Kipanga akainua mkono kumzuia.

"Msimrudishe," aliwaambia wajumbe. "Mimi nimesikia."

Hawakumrudisha. Walitoka, wakakaa robo saa, wakarudi. Mwenyekiti alivua miwani, akasema Baraza limeshuhudia kwa macho yake kile ambacho Tume ilishindwa kukiona kwa maswali kumi na saba. Uamuzi wa Tume umetenguliwa. Mrufani ni kiziwi, uziwi wake umetokana na kazi, na hapakuwa na uongo wowote katika madai yake. Akaomba neno uongo liandikwe hivyo hivyo, kwamba halikuwepo. Katibu alilia kama mtoto, akampa mkono kila mtu hadi wakili.

Nje ya jengo palikuwa na benchi la saruji, jua limelichoma. Katibu alikimbilia kupiga simu kuwapasha habari wafumaji. Kipanga akaketi. Mama Sare akaketi kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Watu walipita na mafaili yao. Kwa kitambo kirefu Kipanga aliangalia barabara tu, na mkewe hakuthubutu kumgusa bega.

Kisha akageuka mwenyewe.

"Aliniita mara ngapi?"

Angeweza kusema moja. Uongo mwingine ni sadaka, na huu nani angemlaumu nao? Lakini alikuwa anatazamwa mdomoni na mtu aliyemtazama hivyo miaka yote, na hakuweza kuutuma mdomo ule useme uongo.

"Tano," alisema.

Kipanga aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akarudia namba ile kwa midomo, bila sauti. Akaegemea ukuta.

"Nisamehe, mume wangu," Mama Sare alisema. Alilisema polepole, akipanua midomo, ili neno lisipotee. "Mimi nilikuwa na masikio. Nisamehe."

Lakini Kipanga alikuwa amefumba macho. Mama Sare akakaa palepale, mikono mapajani, akingoja ayafumbue ili aliseme tena.